Seamus Coleman: namba mbili wa pauni elfu 60 aliyezika makocha wote wa Everton

Toffee wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila dirisha la usajili likifunguliwa humu tunagombana, timu fulani imepigwa, timu fulani imeokota dodo chini ya mwarobaini, alafu mifano ni ile ile ya kila siku, Vardy, Mahrez, Kante. Mi leo naleta dodo langu.

Januari 2009, dirisha dogo, kocha wa Everton David Moyes anawapa Sligo Rovers ya Ireland pauni 60,000 anamchukua beki wa kulia, dogo wa miaka 20 anaitwa Seamus Coleman. Elfu sitini, sio milioni. Kwa EPL, ligi kuu ya Uingereza, hiyo hela kuna mtu anaipata kwa wiki moja na anakaa benchi. Watu wengi wakifika hapo kwenye bei stori inaishia hapo, hata mashabiki wa Everton wenyewe wimbo wake ni kuitaja hiyo bei tu uwanja mzima. Mi naona bei inamficha jamaa. Ukisikia elfu 60 unafikiri ni bahati nasibu, kumbe aliponunuliwa alikuwa ameshacheza ligi ya watu wazima misimu kadhaa, ameshapigwa viatu na mijitu yenye ndevu, ameshasafiri kwa basi mvua inanyesha. Waliomnunua hawakununua kipaji cha kukisubiri, walinunua mchezaji, ila ligi aliyotoka hamna mtu anaithamini.

Nianze mwanzo. Jamaa kazaliwa Oktoba 11, 1988 Killybegs, kaunti ya Donegal, huko kaskazini magharibi kabisa mwa Ireland. Killybegs ni mji wa wavuvi, ndo bandari kubwa ya uvuvi nchini kwao, meli zinashusha vibua kwa matani. Utotoni alikuwa anacheza mpira wa Gaelic, ule wa kwao wa asili, na huku soka anacheza klabu ya mtaani St Catherine's. Sasa kwa kawaida Muairishi mwenye kipaji anachukuliwa Uingereza ana miaka 15 au 16, anaingia akademi, huyu hakuchukuliwa na mtu. Mwaka 2006 ndo Sligo Rovers wakamuona wakambeba.

Na hapo Sligo nusura iishe. Kuna kocha alipita pale akaona dogo hafai, akawa yuko kwenye mpango wa kuachwa. Bahati nzuri kocha mwenyewe akaondoka kwanza, 2007 akaja Paul Cook (huyu huyu aliyekuja kufundisha Portsmouth na Wigan) akamwangalia mazoezini akasema huyu habanduki hapa. Ukiniuliza mi nani alifanya usajili bora wa Everton miaka hiyo nitakwambia ni Paul Cook, na wala hakuwa Everton.

Anafika Everton bado mkosi. Lengelenge la kidole cha mguu likapata maambukizi mpaka akafanyiwa upasuaji, miezi ya kwanza yote imepita hivyo. Mechi yake ya kwanza kabisa sasa, Oktoba 2009, Europa League, ugenini kwa Benfica, mabeki wamekwisha kwa majeraha, Moyes anampanga kushoto. KUSHOTO. Mbele yake Di Maria. Everton wakala 5-0, Saviola mbili, Cardozo mbili, Luisão moja. Dogo aliteseka sana usiku ule, na kuna wachezaji wengi tu ambao mechi kama ile ndo ya kwanza na ya mwisho.

Ntaendelea, nala kwanza.

Kijana wa Ferry

Hiyo Gaelic ikoje mkuu? Ndo raga?

Toffee wa Mbagala

Hapana sio raga. Mpira ni wa duara, unadaka kwa mkono, unapiga kwa mguu, watu 15 kila upande, goli lina nguzo ndefu kwenda juu, ukipitisha juu ya mwamba kwa kawaida unapata pointi moja na ukitia kwenye nyavu unapata tatu. Na hamna mshahara, wanacheza bure kabisa, mwalimu, fundi bomba, mvuvi, jioni mazoezi, Jumapili uwanja umejaa. Watu wanasema ule mpira ndo ulimpa Coleman zile mbio na kugongana na watu bila woga, maana kule mabega yanatembea kweli kweli.

Tuendelee. Desemba 2009 anaingia kama sabu kwenye uwanja wao wa Goodison na Tottenham, Everton wako nyuma 2-0, inaisha 2-2. Hapo watu wakaanza kuulizana huyu ni nani. Machi 2010 anapelekwa Blackpool kwa mkopo kwa Ian Holloway, yule kocha mcheshi, wako Championship, daraja la pili, hamna aliyekuwa anawapa nafasi. Wakaingia mechi za mtoano, Mei 22 Wembley wanampiga Cardiff 3-2 wanapanda EPL. Anarudi Everton mwanaume. Moyes kwa sababu kulia alikuwa na Hibbert na Neville akawa anamtumia winga ya kulia, msimu wa 2010/11 akaingia mpaka kwenye orodha ya wanaowania mchezaji bora kijana wa PFA, chama cha wachezaji wa kule. Elfu 60 hiyo.

Alafu 2013 anakuja Roberto Martinez. Aisee. Wale waliokuwa wanaangalia Everton ya 2013/14 wanajua, Baines anapanda kushoto, Coleman anapanda kulia, mabeki wote wawili wako juu na timu haitetereki. Coleman alifunga magoli 6 ya ligi msimu ule, BEKI, akaingia kikosi bora cha mwaka cha PFA, akabeba na tuzo ya mchezaji bora wa klabu. Everton pointi 72, nafasi ya 5. Mtu akikwambia alikuwa mkabaji tu mwambie akatafute mechi za mwaka ule, alikuwa anaingia ndani kwa mguu wa kushoto kama kiungo.

Mkaba Koo

Uzi mzuri lakini mkuu twende taratibu. Makombe mangapi na Everton? Sifuri. Mnatuletea beki Muairishi mnaacha Denis Irwin!! Irwin kutoka Cork, United walimtoa Oldham 1990 kwa laki sita na kitu, EPL saba, Ulaya 1999, frikiki anapiga, penati anapiga, kulia anacheza, kushoto anacheza. Na kama unataka wa bei ya kutupa Roy Keane alitoka Cobh Ramblers kwenda Nottingham Forest 1990 kwa pauni 47,000, nafuu kuliko huyo wako. Miaka mitatu baadae Forest wakamuuza United milioni 3.75, rekodi ya Uingereza wakati huo. Ndo usajili huo. Coleman kacheza Everton miaka yote hiyo hata kombe la chai hakubeba.

Mama Pwagu

Mashabiki wa United wakiingia uzi wowote lazima 1999 itajwe, hata uzi wa bei ya vitunguu 😂

Toffee wa Mbagala

Mkaba Koo kaka nakuheshimu, Irwin hamna anayembishia, na Keane ndo kabisa. Ila umenisaidia hoja yangu bila kujua. Keane katoka Cobh Ramblers, Paul McGrath alitoka St Patrick's Athletic kwenda United 1982, Kevin Doyle na Shane Long walitoka Cork City pamoja kwenda Reading 2005, James McClean alitoka Derry City kwenda Sunderland 2011. Ligi ya Ireland imetoa watu wa maana miaka yote na waingereza miaka yote wanalipa hela ya kununulia bodaboda. Sio dodo moja hilo, mti upo na watu hawataki kuupanda.

Na kuna kitu kimebadilika sasa. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021 klabu za Uingereza haziruhusiwi kumchukua mtoto wa Ireland mpaka afikishe miaka 18. Kwahiyo njia aliyopita Coleman kwa kukosa bahati, ya kukaa nyumbani ucheze ligi ya wakubwa kwanza, leo ndo njia ya karibu kila dogo wa kule, labda aende bara Ulaya.

Kuhusu makombe, ni kweli, na Everton hana. Everton kombe kubwa la mwisho FA 1995, Coleman alikuwa na miaka sita. Ntalirudia hili.

K'Ogalo Damu

Wazee wa Bongo, niko Kisumu, naona mmeongea Everton bila kutaja Gor Mahia yetu ya Kenya hapo sielewi. Julai 13, 2017, Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, kwenu hapo, Everton 2 Gor 1. Rooney alikuwa amerudi Everton juzi tu, akatupiga moja ya mbali. Tuyisenge akasawazisha, mpaka yule kijana Dowell akatumaliza. Mimi nilikuja na basi. Huyo Coleman sikumuona.

Toffee wa Mbagala

Karibu ndugu yangu. Hukumuona kwa sababu mguu wake ulikuwa umevunjika, na ndo nilikuwa nafika huko.

Machi 24, 2017, Dublin, Ireland na Wales, kufuzu Kombe la Dunia. Gemu ilikuwa ya kibabe tangu mwanzo, 0-0. Kipindi cha pili Neil Taylor anakuja na mguu umenyooka, juu. Kadi nyekundu haikuhitaji mjadala. Mifupa yote miwili ya mundi ilivunjika, wachezaji waliokuwa karibu wakageuza nyuso. Mi niliona kwenye banda umiza moja huku kwetu, banda zima likanyamaza, na hapo hamna shabiki wa Ireland hata mmoja, watu walikuwa wamekuja kusubiri mkeka wa mechi nyingine.

Kumbuka huyu alikuwa na miaka 28, umri wa beki kuwa kwenye kilele. Na alikuwa amepewa unahodha wa Ireland moja kwa moja 2016. Pale Euro 2016 Ufaransa kocha Martin O'Neill alimpa kitambaa dhidi ya Italia Lille, mechi ambayo lazima washinde, Robbie Brady akafunga dakika ya 85, 1-0, wakavuka kundi. Wakatolewa na Ufaransa Lyon 2-1, Brady tena kafunga penati dakika ya pili alafu Griezmann akaamka. Oktoba 2016 Coleman anafunga goli lake la kwanza timu ya taifa, na Georgia, lile lile moja ndo likaamua mechi. Miezi mitano baadae mguu ukavunjika.

Daktari wa Kijiwe

Mundi ukivunjika mifupa yote miwili mara nyingi wanapitisha chuma ndani ya ule mfupa mkubwa. Mfupa kuunga ni kazi ya miezi kadhaa, ila shida ya mchezaji sio mfupa, mfupa unaunga. Shida ni kasi, na ile akili ya kwenda kwenye mpira 50 kwa 50 bila kusita. Beki wa pembeni anayeishi kwa mbio akipunguza hata kidogo tu mawinga wanajua siku hiyo hiyo.

Toffee wa Mbagala

Umesema vizuri daktari. Alirudi Januari 31, 2018, miezi kumi, Goodison na Leicester, Walcott akafunga mbili wakashinda 2-1. Uwanja ulimpokea kwa kelele utafikiri kafunga yeye. Tackle ya kwanza aliingia mzima mzima. Ila ukweli usemwe, yule wa kupanda na kufunga magoli sita hakurudi tena. Alirudi mwingine, anasoma mchezo, anapanga mabeki, anapiga kelele. Mashabiki wengi wa Everton hawapendi kusikia hili lakini mi naona kuna Coleman wawili, wa kabla ya Machi 2017 na wa baada yake, na wa pili hakuwa beki mzuri kama wa kwanza. Alikuwa nahodha mzuri zaidi.

Na huko nyuma wakati yuko nje, Ireland ikaenda mchujo wa Kombe la Dunia na Denmark, Copenhagen 0-0, kurudi Dublin wakala 5-1, Eriksen hat-trick. Angekuwepo ingekuwaje hamna ajuaye, ila upande ule wa kulia siku ile ulikuwa shamba lisilo na mwenyewe.

Mkaba Koo

Sawa, pole kwa mguu. Lakini sasa hapo unanisaidia mimi. Umesema mwenyewe kuanzia 2018 hakuwa yule. Kwanini Everton ilimng'ang'ania? Huo ndo ugonjwa wa Everton, wanapenda stori kuliko makombe.

Mnazi Mmoja FC

Mkaba Koo leo umeamka upande mbaya wa kitanda 🤣 ila nami nina swali kama lako.

Toffee wa Mbagala

Hapa ndo penyewe. Haya hesabu na mimi makocha. Moyes kamleta, akaondoka 2013. Martinez akafukuzwa. Koeman akafukuzwa. Allardyce akaja akaenda. Marco Silva akafukuzwa. Ancelotti akarudi zake Madrid. Benitez, aliyewahi kuwa kocha wa Liverpool, msiniulize waliwaza nini, akafukuzwa. Lampard akafukuzwa. Dyche akafukuzwa. Alafu Januari 2025 anarudi nani? Moyes yule yule, anafungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo anamkuta dogo wake wa elfu 60 yuko pale, na kitambaa cha unahodha, nahodha tangu Jagielka aondoke 2019.

Na siku Dyche anafukuzwa ilikuwa siku ya mechi, FA Cup na Peterborough usiku ule ule, unajua nani alisimamia timu? Baines na Coleman. Mchezaji ambaye bado ana mkataba kasimama kwenye mstari kama kocha, wakashinda 2-0. Klabu ilikuwa haina mtu mwingine wa kumwamini.

Sasa fikiria miaka ile. Wamiliki wanagombana na mashabiki, uwanja mpya unajengwa hela hamna, msimu wa 2023/24 wakakatwa pointi mara mbili, jumla 8. Mei 2022 wako nyuma 2-0 na Crystal Palace nyumbani wanakaribia kushuka, wakageuza 3-2. Msimu uliofuata wamebaki siku ya mwisho kabisa kwa goli la Doucoure na Bournemouth. Na kwenye kubaki huko kuna goli la Coleman Februari 2023 na Leeds, lile la kwenye kona kabisa, hamna nafasi, kila mtu anasubiri krosi jamaa kautia ndani, 1-0. Ondoa hilo goli uone zile pointi mbili walizopishana na walioshuka zinabaki wapi. Wachezaji wa mamilioni 40 walikuwa wanapita pale wanavaa jezi utafikiri wamelazimishwa. Huyu akawa ndo ukuta wa nyumba.

Kwahiyo ukiniuliza makombe nakujibu kazi yake haikuwa ya makombe, alipewa meli inayoingiza maji akaambiwa isizame, na haikuzama. Everton iko daraja la juu tangu ipande 1954, haijashuka tena. Hiyo rekodi ilikuwa inakwenda kuvunjika mikononi mwake mara mbili.

K'Ogalo Damu

Hiyo naikubali buda. Ila Everton wenyewe ni watu wa kuteseka tu. Kuna mtoto wa Mike Okoth wetu anaitwa Divock Origi aliwafunga dakika ya 96 Anfield, Desemba 2018, mpira umegonga mwamba kipa wao Pickford anauchezea kama samaki hai. Mwezi mmoja kabla tulikuwa Goodison Gor tukala 4-0 tukanyamaza, Origi akatulipia deni.

Kijana wa Ferry

Na mlienda Goodison kwa mgongo wa Simba, mkuu msisahau, mliwafunga fainali Nakuru 2-0 🙈

Mama Pwagu

Haya Simba imeshaingia, uzi umekwisha jamani.

Toffee wa Mbagala

Haujaisha mama, turudi kwa Seamus. Kuna jambo moja nje ya uwanja. Aprili 2018 kuna shabiki wa Liverpool, Muairishi, alipigwa nje ya Anfield kabla ya mechi na Roma akaumia vibaya kichwani. Coleman, nahodha wa Ireland, mtu wa Everton, alimchangia euro 5,000. Na haikuwa mara moja, michango ya watu wa kawaida kule kwao, mtoto anahitaji matibabu, mama kafiwa, ukichungulia orodha unakuta jina lake, na haitishi waandishi. 

Mechi ya mwisho ya wanaume Goodison Park, Mei 18, 2025 na Southampton, alianza na kitambaa. Dakika kama ya 18 akaumia akatoka, uwanja wote umesimama. Ndiaye akapiga mbili wakashinda 2-0. Wengi tukajua hapo basi. Akaongeza mwaka, wakahamia uwanja mpya kule bandarini Bramley-Moore.

Alafu Novemba 2025 ndo stori inayonifanya niandike huu uzi. Ireland wanataka kufa kwenye kundi la kufuzu Kombe la Dunia. Kocha Hallgrímsson, yule wa Iceland, anaita mtu wa miaka 37 ambaye klabuni hachezi. Novemba 13 Dublin wanampiga Ureno 2-0, mshambuliaji wao Troy Parrott mbili, Ronaldo kadi nyekundu. Siku tatu baadae Budapest wanampiga Hungaria 3-2, Parrott hat-trick, la tatu dakika ya 96, wanaenda mchujo. Coleman kaanza zote mbili. Zote.

Siku nane baadae Moyes anampanga Old Trafford, dakika ya kumi tu akaumia akatoka. Everton ikabaki pungufu baada ya Gueye kupewa kadi nyekundu kwa kumzaba kofi mwenzake Michael Keane, na bado wakawafunga United 1-0. Mkaba Koo upo?

Mkaba Koo

Nipo. Hiyo mechi sitaki kuizungumzia.

Ila sawa, kwa Ireland nampa. Mechi 70 na kitu sio mchezo, na kwenye EPL nasikia kamzidi hata kipa Tim Howard pale kwenu kwa idadi ya mechi. Irwin bado yuko juu. Na McGrath juu ya wote wawili kama unataka kuongea mabeki.

Mnazi Mmoja FC

McGrath ndo yupi tena? Wa Aston Villa?

Toffee wa Mbagala

Ndo huyo, United kisha Villa. Magoti yamepasuliwa mara nyingi mpaka mazoezi alikuwa hafanyi na wenzake, Jumamosi anaingia anacheza dakika 90. Kombe la Dunia 1994, Giants Stadium, Ireland 1 Italia 0, Houghton kafunga mapema, muda wote uliobaki ni McGrath na Baggio. Yule anataka uzi wake, ntauleta wiki ijayo, Mkaba Koo we utaleta wa Irwin. Mama Pwagu atatuamulia.

Mama Pwagu

Mi ni Arsenal, naanza kuwakata pointi wote wawili sasa hivi.